Kiti Kilichoachwa Luanda: Mamlaka na Jinsia katika Mchoro wa Nzinga wa Mwaka 1687

Miongoni mwa michoro ya zamani iliyochapishwa Ulaya kuhusu Afrika, ni michache iliyonakiliwa mara nyingi kama ule unaomwonyesha Nzinga wa Ndongo akiwa ameketi juu ya mgongo wa mtu, mbele ya gavana wa Kireno mjini Luanda. Mchoro huo umetiwa katika vitabu vya historia na katika maandishi mengi yanayotetea hadhi ya mwanamke. Aghalabu huambatanishwa na maelezo mafupi ya kumsifu mwanamke wa Kiafrika aliyekataa kudhalilishwa na mkoloni. Makala haya hayakusudii kumvua Nzinga sifa hiyo. Tunachokusudia ni kuuliza swali ambalo maelezo hayo hulipita kwa haraka: aliyeinama ni nani, na kuinama kwake kunabadilishaje usomaji wetu wa mamlaka na jinsia katika picha hii?

Mchoro ulitoka Bologna mwaka 1687, katika kitabu cha Giovanni Antonio Cavazzi da Montecuccolo, padri wa shirika la Wakapuchini, kiitwacho Istorica descrizione de' tre regni Congo, Matamba et Angola, yaani maelezo ya kihistoria ya falme tatu za Kongo, Matamba na Angola. Cavazzi alifika Angola mwaka 1654. Aliishi kwa vipindi katika himaya ya Nzinga, na alikuwapo mtawala huyo alipofariki tarehe 17 Desemba 1663. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1678, na kitabu kikahaririwa na padri mwenzake, Fortunato Alamandini. Tukio linaloonyeshwa ni la mwaka 1622. Kwa hiyo baina ya tukio na picha pana miaka 65, na msimulizi alitia mguu nchini miaka 32 baada ya mkutano anaousimulia. Mhakiki anayeichukua picha hii kama ushahidi wa macho anakosea tangu hatua ya kwanza. Picha ni tafsiri ya masimulizi, na masimulizi nayo ni kumbukumbu iliyokwisha kupita katika vinywa vingi, pengine kikiwamo cha Nzinga mwenyewe aliyekuwa mzee.

Kisa kinajulikana, lakini hatuna budi kukidondoa. Ngola Mbande, mtawala wa Ndongo, alikuwa amelemewa na vita vya Wareno na washirika wao Waimbangala. Alimtuma dada yake Nzinga kwenda Luanda kujadili amani na gavana João Correia de Sousa. Nzinga alipoingia ukumbini alikuta kiti kimoja tu, cha gavana. Yeye aliwekewa mto wa mahameli uliotariziwa dhahabu juu ya zulia, sakafuni. Ndivyo watawala wa Kiambundu waliotiishwa walivyozoea kupokewa. Akamwashiria mmoja wa wajakazi wake, naye akapiga magoti na kushika sakafu kwa viganja. Nzinga akaketi juu ya mgongo wake na mazungumzo yakaendelea. Gavana alipodai kodi ya watumwa, alijibiwa kwamba kodi hudaiwa kwa aliyeshindwa, na Ndongo haikuwa imeshindwa.

Sehemu ya mwisho ya kisa hiki ndiyo ambayo mchoro hauwezi kuionyesha, nasi tutairejelea. Mkutano ulipokwisha Nzinga aliinuka akaenda zake, na mjakazi akabaki vilevile alivyo. Gavana akamuuliza mgeni wake sababu ya kumwacha. Akajibiwa kwamba mjumbe wa mfalme mkubwa hatumii kiti kimoja mara mbili, na kwamba yeye anavyo vingine.

Tuutazame mchoro kwa makini. Wako watu waliosimama, wako wawili walioketi, na yuko mmoja aliyeinama kwa mikono na magoti. Kwa mazoea yetu kimo ni alama ya ukubwa. Aliye juu ndiye mkuu. Hapa mambo si hivyo. Waliosimama, Wareno kwa Waafrika, ni wadogo wa walioketi. Kusimama ni alama ya utumishi na kuketi ni alama ya mamlaka, na picha inawaunganisha gavana na Nzinga kwa tendo hilo moja dhidi ya wengine wote ukumbini. Rangi, dini na jinsia zimewatenganisha, kiti kimewafanya kuwa sawa. Usawa huo, hata hivyo, una gharama iliyowekwa wazi chini ya picha. Kiti cha gavana kimebebwa na mbao. Cha Nzinga kimebebwa na mwanamke.

Pengine msomaji atataka tuuzungumzie upande wa kulia na wa kushoto, kama wafanyavyo wahakiki wa picha. Tahadhari inahitajika. Mchoro wa namna hii huchongwa kwa chombo chenye ncha kali katika bamba la shaba, wino hujazwa katika mifuo, kisha karatasi hukandamizwa juu yake kwa mtambo. Kinachotoka ni kinyume cha kilichochongwa, kama katika kioo. Maana nyingi zilizojengwa juu ya mkono wa kuume na wa kushoto katika michoro ya zamani ni ajali za shaba, na tunaziacha.

Mjumbe, si malkia

Vitabu vingi huandika chini ya mchoro huu maneno "Malkia Nzinga". Mwaka 1622 Nzinga hakuwa malkia. Alikuwa balozi wa kaka yake, na hadhi aliyoitetea ukumbini ilikuwa ya aliyemtuma. Alishika utawala mwaka 1624, baada ya Ngola Mbande kufa. Taji la baadaye limerudishwa nyuma likavishwa kichwa cha mjumbe, na kosa hili si dogo. Tukiisahau nafasi yake ya ujumbe, tunalisoma tukio kama pambano la mwanamke na mwanamume, ilhali lilikuwa pambano la madola mawili juu ya itifaki: nani anamlipa nani kodi, nani anaketi wapi. Gavana hakumwekea mto sakafuni kwa kuwa ni mwanamke. Alimwekea kwa kuwa alimhesabu kuwa mjumbe wa mtawala aliyekwisha kutiishwa.

Suala la jinsia lilizuka baadaye, na lilizuka kwa ukali. Nzinga alipodai utawala, wapinzani wake walishikilia kwamba mwanamke hawezi kutawala Ndongo, na Wareno wakamsimika Ngola Hari mwaka 1626. John Thornton, katika makala yake ya mwaka 1991 kuhusu uhalali wa utawala wa Nzinga, ameonyesha jinsi alivyolikabili tatizo hilo kwa miaka mingi kwa kujigeuza mwanamume katika maana ya kisiasa. Aliongoza vita mwenyewe, akataka aitwe mfalme, na akaweka wanaume wengi kama masuria. Olfert Dapper, katika kitabu chake cha Kiholanzi cha mwaka 1668, anapokea habari kutoka kwa afisa wa Kiholanzi aliyekuwa pamoja na jeshi la Nzinga, kwamba wanaume hao walivishwa nguo za kike naye akavaa za kiume. Tunaona basi kwamba Nzinga hakuiondoa kanuni iliyosema mamlaka ni ya kiume. Aliiacha kanuni mahali pake, akahama yeye. Aliyetaka kumtawala kama mwanamke alimkuta ni mfalme, na waliomzunguka ndio waliofanywa wanawake. Mtazamo wa ufeministi unaomchukulia kuwa aliivunja taasubi ya kiume unapaswa kulitafakari hilo kabla ya kumtia katika orodha ya mashujaa wake.

Kiburi katika hadithi ya wokovu

Kwa nini Wakapuchini waligharimia bamba la shaba kwa ajili ya kisa hiki? Jibu halipatikani katika picha peke yake. Nzinga, aliyebatizwa Luanda wakati wa ujumbe ule kwa jina la Ana de Sousa, aliuacha Ukristo na kufuata desturi za Waimbangala. Mwaka 1656 alirejea kanisani kwa juhudi za Mkapuchini Antonio da Gaeta. Taarifa za Gaeta zilitolewa Napoli mwaka 1669 katika kitabu ambacho jina lake tayari linautaja uongofu huo kuwa wa ajabu. Huo ndio muktadha wa Cavazzi pia. Wamisionari walikuwa na hadithi ya wokovu ya kuwasimulia wafadhili wao wa Ulaya, na wokovu hauna ladha pasipo dhambi. Mwanamke anayeketi juu ya binadamu mwenziwe alifaa sana kuwa sura ya kwanza. Kadiri kiburi chake kilivyokuwa kikubwa, ndivyo unyenyekevu wake wa uzeeni ulivyozidi kuwa muujiza. Mchoro ambao sisi tunausoma kama wimbo wa ushujaa ulichongwa kama ushahidi wa kiburi.

Kuna jambo jingine ambalo, kwa maoni yetu, halijaangaliwa vya kutosha. Kisa cha mgeni anayejitengenezea kiti mbele ya mwenyeji mwenye dharau, kisha akakiacha, si kigeni katika fasihi ya Ulaya. Mshairi Wace wa Normandy, katika karne ya 12, anasimulia habari za Mtawala Robert, aliyefariki mwaka 1035 akirudi kutoka Yerusalemu. Robert alipokwenda kwa mfalme wa Constantinople alikalia joho lake, nao wenzake wakafanya vivyo hivyo. Walipoondoka waliyaacha majoho, na walipoletewa walikataa: si desturi yao, walisema, kubeba viti waendako. Hatusemi kwamba Cavazzi alikinakili kisa hicho. Yawezekana kabisa Nzinga alifanya alichofanya, na yawezekana visa viwili vikafanana bila kuzaana. Tunachosema ni kwamba msomaji wa Ulaya wa mwaka 1687 alikuwa na umbo la kisa hiki katika akili yake, na alijua namna ya kulifurahia. Tukiviweka visa viwili sambamba, swali letu linajibiwa kwa ukatili. Mahali palipokuwa na joho katika kisa kimoja, pana mwanamke katika kingine. Vyote viwili ni mali ya thamani ambayo mkubwa anaitupa ili adhihirishe kwamba ana nyingine.

Lugha yetu haina shida kuuelewa mchoro huu. Mwenye kiti ndiye anayeongoza kikao, na mamlaka tunayaita kiti. Viti vya enzi vya Lamu na Pate, vilivyonakshiwa kwa pembe za ndovu, viliwekwa kwa ajili ya mgeni mtukufu na si kwa kila apitaye. Kumnyima mtu kiti ni kumnyima neno. Tena Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kwa mahali hapa: kukalia. Mtu hukalia kiti, hukalia mali isiyo yake, na wanyonge hulalamika kwamba wamekaliwa.

Huenda mtu akapinga kwamba tunalipima tukio la karne ya 17 kwa mizani ya leo, na kwamba katika Afrika ya Kati mwanamke kubeba kiti si lazima iwe aibu. Hoja hii ni nzito. Kwa Waluba, mbali na Ndongo, mashariki katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vipo vigoda vya kifalme vilivyochongwa kwa umbo la mwanamke aliyepiga magoti au kusimama, akikitegemeza kikalio kwa kichwa na mikono. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walieleza mwaka 1996 kwamba umbo hilo halimaanishi mtumwa. Kwa Waluba mwili wa mwanamke ndio unaohifadhi roho ya mfalme, na mfalme anapokalia kigoda anategemezwa na asili ya mamlaka yake. Je, haiwezekani basi kwamba wenyeji walioandamana na Nzinga walikisoma kitendo chake kwa mizani ya namna hiyo? Inawezekana. Pana lakini tofauti moja ambayo hoja hii haiwezi kuivuka. Kigoda cha Waluba kilitunzwa kwa vizazi kama kitu kitakatifu. Kiti cha Nzinga kiliachwa ukumbini pa adui siku hiyohiyo.

Waliomsimamisha

Usomaji wa kizalendo una historia yake na haki yake. Katika vita vya kuikomboa Angola jina la Nzinga lilikuwa silaha. Riwaya ya Manuel Pedro Pacavira inayobeba jina lake ilitoka mwaka 1975, mwaka uleule Angola ilipojipatia uhuru tarehe 11 Novemba. Kwa msomaji wa wakati huo, aliyekuwa ameona wazee wake wakisimamishwa mbele ya meza za watawala wa Kireno, kisa cha kiti hakikuhitaji ufafanuzi. Tungekuwa watu wa dharau kama tungekicheka. Hata hivyo ni ajabu yenye maana kwamba sanamu kubwa ya Nzinga iliyowekwa Luanda mwaka 2002, katika uwanja wa Kinaxixi, na kuhamishiwa baadaye katika ngome ya São Miguel, inamwonyesha akiwa amesimama. Tukio lililompa umaarufu ni la kuketi, lakini taifa halikuweza kumketisha pasipo kuamua la kufanya na yule aliye chini. Kumsimamisha lilikuwa suluhisho la mchongaji, au tuseme njia ya kulikwepa suala.

Njia nyingine ya kulikwepa ilikuwa imekwisha kuonyeshwa na Wafaransa. Kitabu cha Cavazzi kiligeuzwa kwa Kifaransa na padri Labat mwaka 1732, na kutoka hapo Nzinga akaingia katika riwaya ya Castilhon ya mwaka 1769, kisha katika maandishi ya Marquis de Sade mwaka 1795, kama mfano wa mwanamke mwenye ashiki na umwagaji damu. Katika miaka ya 1830 Achille Devéria alimchora kwa chapa ya jiwe akiwa na taji, vito, na titi moja wazi. Gavana hayupo, ukumbi haupo, na kiti hakipo. Mabishano ya madola yamefutwa, ukabaki mwili wa kike wa kutazamwa. Picha hii nayo hupatikana katika maandishi ya kumsifu Nzinga, na wanaoitumia hawaonekani kutambua kwamba imemnyang'anya kile ambacho hata Wakapuchini walimwachia, yaani hoja.

Turudi kwa mjakazi. Maandishi ya Cavazzi hayampi jina, ingawa jinsia yake yanaitaja. Katika simulizi nyingi za baadaye jinsia nayo imepotea. Amekuwa "mtumishi" tu, na wengine wamemfanya mwanamume. Anayekisimulia kisa kwa Kiswahili anakabiliwa na uteuzi ambao hauna upande usioegemea. Akisema mtumishi, amemfanya kuwa mtu wa ajira na kuificha jinsia yake ndani ya ngeli. Akisema mtumwa, ametaja kifungo na kuacha uke. Neno mjakazi ndilo linalobeba yote mawili kwa pamoja, na labda ndiyo sababu tunaliepuka. Linaiharibu picha ya wanawake walioungana dhidi ya gavana. Katika ukumbi ule walikuwapo wanawake zaidi ya mmoja, na ushindi wa mmoja ulipatikana kwa mgongo wa mwingine, katika maana isiyo ya sitiari hata kidogo.

Tena aliachwa Luanda, si mahali pengine. Mji huo ulioanzishwa na Wareno mnamo mwaka 1575 ulikuwa katika miaka ile ya 1620 bandari kuu ya kuwasafirishia watu utumwani Brazili na makoloni ya Hispania. Ujumbe wenyewe wa Nzinga ulihusu, pamoja na mengine, kurudishwa kwa watu wa Ndongo waliotekwa. Miaka 34 baadaye, katika mkataba wa 1656, alimkomboa dada yake Barbara aliyekuwa mateka wa Wareno, na sehemu ya fidia ililipwa kwa watumwa. Katika uchumi huo, mtu kumbadilisha mtu mwingine lilikuwa jambo la hesabu. Dada ana bei inayolipwa ili arudi. Mjakazi ana bei inayoonyeshwa kwa kumtupa. Gayatri Spivak aliuliza mwaka 1988 kama mnyonge aweza kusema. Mchoro wetu unatanguliza swali la chini zaidi, kama aweza kuonekana, ilhali yumo katikati ya karatasi na kila anayeitazama anamwona.

Mchongaji, kwa kuwa bamba la shaba halina kesho, alimzuilia pale pale chini ya Nzinga, na kwa namna hiyo amekaa naye kwa zaidi ya miaka 300. Maandishi ndiyo yaliyomwacha. Na katika maandishi hayo, mtu pekee anayegundua kwamba bado amepiga magoti, na kuuliza habari zake, ni gavana.